Saa Arobaini za Chumba cha Kufulia

Fomu ililetwa na dereva. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia cha hospitali, akaogopa kuingia kwa sababu sakafu ilikuwa chapachapa na viatu vyake vilikuwa viking'aa. Akanyoosha mkono na kusema, "Mama, naomba saini yako hapo chini tu. Kwingine kote kumeshajazwa."

Bi Pasi alijifuta mikono kwenye aproni, akaipokea ile karatasi, akaisogeza mbali na macho ndipo akaisoma. Ilisema kwamba mwanafunzi fulani wa kidato cha tatu ametoa huduma kwa jamii kwa saa arobaini katika chumba hiki, kwa bidii, nidhamu na moyo wa kujitolea. Tarehe zilikuwa zimejazwa kwa wino wa bluu, siku tano za likizo, saa nane kila siku, kwa mwandiko wa mtu mzima.

"Huyu mtoto yukoje?" akauliza.

"Samahani, mama?"

"Amefua na mimi siku tano nzima. Basi nikumbushe. Mrefu? Mfupi? Akicheka anacheka vipi?"

Dereva alicheka kwa aibu. "Mimi nimetumwa tu, mama yangu."

"Najua. Na mimi nakutuma. Mwambie mwenyewe kwamba saa haziletwi na gari. Azilete kwa miguu yake."

Akamrudishia karatasi yake, akarudi kwenye karo.

Jina la Bi Pasi alipewa na wauguzi, kwa sababu alinyoosha kila kilichopita mbele yake: mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, na watu pia ikibidi. Alikuwa amefanya kazi pale miaka ishirini na miwili. Siku ya kwanza aliajiriwa kwa miezi mitatu tu, amshikie nafasi mwenzake aliyekwenda kujifungua. Yule mwenzake hakurudi, na miezi mitatu ikajizaa. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya wodi, kirefu, chenye karo nne za saruji, mashine mbili ambazo moja ilikuwa imekufa zamani, na meza ya kupigia pasi iliyoenea ukuta mzima. Mwenzake wa siku zote alikuwa mzee wa mashine, mtu wa maneno machache aliyeongea na ile mashine nzima zaidi kuliko alivyoongea na binadamu.

Wanafunzi walianza kuletwa tangu huduma kwa jamii ilipofanywa sehemu ya masomo ya sekondari. Bila fomu iliyosainiwa, mwanafunzi hapandi kidato cha nne. Sehemu nyingine mambo yalikwenda kirahisi. Kwenye bustani ya mji walishika majembe, wakapigwa picha, wakaenda zao. Kwenye maktaba walikaa wakipiga soga. Kwa Bi Pasi hakukuwa na picha. Ukija saa mbili na dakika kumi, hiyo dakika kumi unailipa jioni.

Watu walidhani ni ukali wa bure. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe sekondari aliipita nje ya uzio. Alifaulu, lakini zamu ya kusoma ilikuwa ya kaka zake. Katika maisha yake yote hakuna karatasi ya shule iliyowahi kumhitaji, mpaka zilipokuja hizi fomu. Kila alipoandika saini yake aliiandika polepole, herufi kwa herufi, na hakuwa tayari kuigawa kama peremende.

Kesho yake matroni alimwita ofisini.

"Bi Pasi, hivi unajua baba wa yule binti ni nani?"

"Sijui hata binti ni nani, matroni. Baba nitamjulia wapi?"

"Ni mwenyekiti wa bodi ya shule. Ndiye aliyetuhangaikia mpaka tukapata gari la wagonjwa."

"Basi niletee fomu ya gari la wagonjwa. Hiyo nitasaini sasa hivi, maana gari nimeliona."

Matroni akavua miwani. "Unanifanyia mzaha?"

"Hapana. Naomba nisiandike uongo kwa mkono wangu, basi. Kama wewe ulimwona akifua, kalamu hiyo hapo."

Matroni aliitazama kalamu. Hakuigusa.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili kasoro tano, msichana aliingia mwenyewe. Alikuwa mwembamba, uso umevimba kwa hasira, sketi ya shule imepigwa pasi vibaya. Hakumsubiri mtu amkaribishe.

"Shikamoo. Mimi ndiye yule wa fomu."

"Marahaba. Kumbe upo."

"Kwa nini wengine umewasainia, mimi ukanikatalia?"

"Wengine walikuja."

"Baba ndiye aliyeijaza. Mimi nilikuwa kwa shangazi, sikujua chochote mpaka dereva aliporudi. Kwa nini hukuniuliza mimi kwanza?"

"Ningekuulizia wapi, na mimi sikuijua hata sura yako?" Bi Pasi akamrushia aproni. "Maswali utauliza mikono ikiwa kazini. Anza na zile foronya."

Hadi saa sita msichana alikuwa ameshauliza kwa nini foronya zinahesabiwa mara mbili, kwa nini mashine ya pili haitengenezwi, kwa nini dirisha limepigiliwa misumari, na kwa nini mzee wa mashine anaiita mashine yake "mke wangu." Kufikia jioni alikuwa na jina: Kwanini. Hakulipenda, lakini aliliitikia. Na mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi. Jumanne alijua kukunja shuka kubwa peke yake, kona kwa kona, bila kuliburuza sakafuni, jambo ambalo wengine waliondoka bila kulijua. Bi Pasi aliliona. Kusifu watu haraka haikuwa tabia yake.

Jumatano saa tano asubuhi walikuwa wakichambua toroli la nguo chafu kutoka wodi ya wazazi. Kazi ya kuchambua ilikuwa ya mikono mitupu: unatenga zenye damu, unatenga za kawaida, unakung'uta kila moja kabla ya kuitumbukiza. Kwanini alikung'uta foronya, kitu kikadondoka juu ya ukingo wa karo kwa mlio mdogo.

Ilikuwa sindano. Ncha yake ilikuwa wazi, na ndani ya bomba kulikuwa na damu iliyokauka. Ilikuwa imelala pale alipokuwa ameweka kidole sekunde moja iliyopita.

Msichana alirudi nyuma hatua mbili. "Sishiki tena," akasema.

"Itoe uiweke kwenye kopo lile. Halafu endelea, ukiangalia vizuri haikuchomi."

"Sishiki. Glavu ziko wapi?"

"Glavu zipo wodini. Hapa tunatumia macho."

"Macho hayaoni ndani ya foronya, mama."

"Wewe mtoto! Mimi nina miaka ishirini na miwili hapa."

"Na hujawahi kuchomwa?"

Mzee wa mashine aligeuka, akamtazama Bi Pasi, kisha akainama haraka kama mtu aliyeangusha kitu.

"Sijawahi," alisema Bi Pasi.

Kwanini alihamia meza ya pasi, akakunja nguo safi mpaka saa kumi, mdomo umefungwa kama mlango wa benki siku ya sikukuu. Ukimya huo ulimkera Bi Pasi kuliko maswali yote ya siku mbili.

Jioni alifika nyumbani, akakaa na dada yake mkubwa ukumbini wakichambua mboga. Dada yake alikuwa mjane, waliishi pamoja, na hakuna lililofichika kati yao. Akamsimulia yote, akitegemea kuungwa mkono.

"Watoto wa siku hizi laini," alimalizia. "Sindano moja tu, ameshaweka mgomo."

Dada yake aliendelea kuchuma majani bila kuinua macho. "Na wewe umemwambia hujawahi kuchomwa."

"Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia kidole gumba, cha kulia. Miaka tisa sasa. Ungemwambia vidonge vya kuzuia virusi siku ishirini na nane, unatapika kwenye ndoo hiyo hapo, watoto tunawaambia mama ana malaria. Ungemwambia ulivyokwenda kupima mara tatu, na kila ukienda unaniachia funguo za kabati kama mtu anayesafiri asiyejua kama atarudi."

"Yamepita hayo, dada. Nilitoka salama."

"Ulitoka salama kwa bahati. Mdogo wangu, umegombana na mwenyekiti mzima na matroni kwa sababu hutaki kuandika uongo. Mkono umeukatalia. Mdomo je?"

Bi Pasi alikasirika, akainuka, akaosha mboga ambayo dada yake alikuwa ameshaiosha. Hasira yake ilianza kwa dada, ikapita kwa msichana, ikazunguka, mwisho ikafika inapostahili. Kwa nini kweli? Wauguzi wana glavu, madaktari wana glavu, hata anayepeleka vyombo vya maabara ana glavu. Mfuaji, anayekutanishwa na kila kilichotoka kwa kila mgonjwa, ana macho. Na siku ile alipochomwa hakuna aliyemwuliza kitu ila kama mashuka ya wodi namba mbili yamekauka.

Alhamisi alifika mapema kuliko siku zote. Alipanga matoroli mawili ya nguo safi kutoka akiba yake, moja la chumba cha upasuaji, moja la wazazi, akayasukuma mwenyewe mpaka huko na kukabidhi. Hakuna mgonjwa ambaye angelala bila shuka kwa sababu yake. Kisha akarudi, akamkuta Kwanini amesimama mlangoni, hajui kama aingie.

"Jana nilikudanganya," Bi Pasi alimwambia. "Nilichomwa. Hapa." Akamwonyesha kidole gumba, ambacho hakikuwa na alama yoyote, akamsimulia yote, hadi ndoo na funguo za kabati. Mzee wa mashine alisimama kando. Alipomaliza, mzee akasema neno ambalo halikuhusu mashine, na hilo peke yake lilikuwa ajabu.

"Glavu zipo," alisema. "Zile nzito, ndefu mpaka kwenye viwiko. Katoni tatu ziko stoo. Nilizibeba mimi mwaka juzi. Siku ya ukaguzi huonyeshwa ofisini kwa matroni, jioni zinarudishwa."

Bi Pasi alimtolea macho. "Mwaka juzi, na wewe umenyamaza?"

"Nilidhani unajua, dada."

Bi Pasi akavuta kiti, akakiweka katikati ya mlango, akakaa. "Basi leo hapafuliwi."

Mzee alizima mashine. Kwanini aligeuza ndoo, akaikalia.

Saa nne matroni alifika, akasimama mbele ya kile kiti.

"Nini hiki?"

"Tunasubiri glavu."

"Bi Pasi, hayo mambo yana utaratibu. Andika maombi, yatapelekwa, yatajadiliwa..."

"Ziko stoo, matroni. Katoni tatu."

Matroni alikohoa. "Zile ni za ukaguzi."

"Kwani wakaguzi wanafua?" Kwanini akauliza kutoka kwenye ndoo yake, na hakuuliza kwa jeuri, alitaka kujua hasa.

Matroni alimwangalia kama anayeangalia doa. "Wewe mwanafunzi umeletwa hapa kutumikia jamii, si kuifundisha."

"Huyu hapa ndiye jamii," msichana akasema, akimwonyesha Bi Pasi kwa mkono wazi. "Au jamii ni akina nani?"

Matroni aliondoka na viatu vyake vikigonga sakafu. Nguo chafu ziliendelea kuja. Wodi ya wanaume ikaleta toroli, ya watoto ikaleta mawili. Chumba kikajaa, watu wa matoroli wakaanza kuyaacha kwenye ujia.

Saa saba dereva alitokea tena, safari hii akaingia ndani na viatu vyake vile vile.

"Baba amepigiwa simu," alimwambia msichana. "Amesema urudi nyumbani sasa hivi. Fomu atashughulika nayo yeye."

Kwanini alisimama. Baba yake hakuwa mtu wa kukataliwa, na Bi Pasi alijiandaa kumwambia aende tu, kwamba hakuna atakayemlaumu. Hakuwahi.

"Mwambie baba nimebakiza saa kumi na moja," msichana alisema. "Nikimaliza nitakuja kwa miguu yangu."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Dereva alikaza midomo, lakini mabega yalimsaliti. Alicheka mpaka kwenye gari.

Lililomaliza kazi ni saa tisa, saa ya kutazama wagonjwa. Ujia ule ndio njia ya kwenda wodini. Ndugu wa wagonjwa wakaanza kupita na vyakula vyao kati ya matoroli ya nguo zenye damu, wakiziba pua, wakiuliza. Kila aliyeuliza, Bi Pasi alimjibu akiwa amekaa kitini pake, bila kupandisha sauti: tunasubiri glavu, ziko stoo. Mama mmoja mnene aliyekuja kumwona mkwe wake alirudi hadi ofisini kwa matroni kuuliza hiyo stoo iko umbali gani, kama ni mbali ataisaidia hospitali kuzibeba.

Saa kumi kasoro robo katoni moja iliwekwa mlangoni bila salamu.

Bi Pasi aliifungua kwa kisu cha kukatia kamba. Glavu zilikuwa nzito, za bluu iliyoiva, zikinuka mpira mpya. Alivaa, akafungua na kufunga vidole. Zilikuwa kubwa kidogo. Alimpa Kwanini jozi nyingine, na ya tatu mzee wa mashine, mzee akawasha mashine, wakafua mpaka jua lilipozama, na hakuna aliyetazama saa.

Ijumaa jioni msichana alileta fomu mpya, tupu, ameijaza jina lake tu. "Saa arobaini," alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Thelathini na mbili," alisema Bi Pasi.

"Mama! Alhamisi nilikuwa hapa tangu saa mbili!"

"Ulikuwa umekaa kwenye ndoo."

"Tulikuwa tumegoma! Kugoma nako si kazi?"

"Ni kazi, tena ngumu. Lakini hapa pameandikwa kufua."

"Na zile za jioni, mpaka jua likazama?"

Bi Pasi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Hizo mbili. Thelathini na nne."

Kwanini alihema, akaweka mikono kiunoni. "Nitaandika barua ya kupinga."

"Andika. Uje nayo kesho saa mbili kamili."

Alikuja, bila barua. Saa nane mchana Bi Pasi aliweka fomu juu ya meza ya pasi, akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, na msichana akasubiri bila kumharakisha.

Mambo hayakuishia hapo. Jumatatu Bi Pasi alipewa barua ya onyo kwa kuzuia kazi za hospitali. Aliisoma, akaomba kalamu, akaandika chini yake: "Nimepokea. Sijutii. Viatu vya mpira navyo havipo." Akairudisha. Shuleni nako Kwanini alitakiwa kusoma mbele ya wanafunzi wote kile alichojifunza. Mkuu wa shule alimwambia aondoe habari ya sindano. Hakuiondoa. Alisoma mpaka nukta ya mwisho huku mwalimu wa zamu akimvuta mkono wa sweta. Matokeo yake shule iliandika kwamba haitapeleka tena wanafunzi chumba cha kufulia, kwa kuwa mazingira hayafai.

Hilo ndilo lililomchoma Bi Pasi kuliko onyo. Wiki nzima alifua kwa ghadhabu. Siku yake ya mapumziko ilipofika alivaa sare yake ya kazi makusudi, akaenda shuleni, akapita getini, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu. Katibu alimwambia mkuu ana kikao. Akasema atasubiri. Kengele ililia mara tatu, madarasa yakabadilishana, wasichana wakapita mbele yake na madaftari wakimwamkia, naye akawaitikia wote, mmoja mmoja. Mchana mkuu alipotoka akamkuta pale pale.

"Mwalimu, umeandika kwamba chumba changu hakifai."

"Mama, tulichofikiria ni usalama wa wanafunzi."

"Wa wanafunzi mmeufikiria. Mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu, nimo humo kila siku. Mkiona hapafai mnawatoa watoto mnafunga macho, hiyo ndiyo huduma mnayowafundisha?"

Mkuu alitazama huku na huku. Katibu alikuwa ameacha kuchapa.

"Ulitaka tufanyeje, mama?"

"Njoo uone. Glavu zipo sasa, ila viatu hakuna na dirisha limepigiliwa misumari. Ukishaona, andika ulichokiona, si ulichoambiwa. Halafu niletee wanafunzi wangu."

"Nitaangalia ratiba yangu..."

"Iangalie," alisema Bi Pasi, akarudi kwenye benchi, akakaa, akapanga mikono yake mapajani. "Mimi leo siendi popote."

Mkuu wa shule akaingia ofisini. Alirudi na shajara yake, akaifungua hapo hapo mlangoni, akauliza kama Jumanne saa tatu inamfaa.

"Saa mbili," alisema Bi Pasi. "Saa mbili kamili."